Uzoefu wangu: Fokker Friendship, Dar hadi Mtwara

Katika ndege zote nilizowahi kupanda, hakuna niliyoipenda kama Fokker F27, ile tuliyozoea kuiita Friendship. Nilianza kuipanda mwishoni mwa miaka ya 70, baba alipohamishiwa Mtwara na familia ikawa inakwenda likizo kwa waranti ya serikali, yaani nauli ikilipwa na serikali. Air Tanzania ilikuwa changa wakati huo. Iliundwa Machi 1977, baada ya East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, kusimama mapema mwaka huohuo. Friendship zenyewe hazikuwa ngeni. Zilikuwa zikiruka Afrika Mashariki tangu 1962.

Sifa yake kubwa ni dirisha. Dirisha la F27 ni pana, lina umbo la yai, na bawa limepita juu ya paa, kwa hiyo ukikaa popote chini kunaonekana. Ukiwa usawa wa injini ulipata na nyongeza: magurudumu yanatoka tumboni mwa injini mbele ya macho yako, yanajinyoosha, kisha unayaona yakigusa uwanja na kufuka moshi. Watoto tuligombania viti hivyo. Watu wazima walivikwepa, maana panga zinazozungushwa na injini zilikuwa karibu, na injini zenyewe, za Rolls-Royce Dart, zilikuwa na mlio wao mkali, mwembamba. Mtu wa Mtwara aliusikia akiwa sokoni akajua ndege imefika.

Ili kuelewa thamani ya safari ile, kumbuka barabara ya kusini ilivyokuwa. Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakichachamaa, malori na mabasi yalikwama njiani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003 tu. Kabla ya hapo, mvua zikishakata njia, ilibaki meli au ndege. Safari moja nilikaa na bibi mmoja wa makamo makubwa, kajifunga kanga mbili, hajawahi kupanda ndege. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu, kisha akakaa kimya amefumba macho mpaka tulipofika juu ya delta. Nikampisha dirishani. Akaitazama mito ile inavyogawanyika kwenye mikoko, matope yakiingia baharini hadi maji yanabadilika rangi. "Huu ndio Rufiji?" Ndiyo, bibi. Akasema, "Basi mto huu ulitulaza kivukoni na wagonjwa, kumbe ukiwa huku juu unaupita kabla hujamaliza peremende."

Naam, peremende. Mhudumu alipita na sinia kabla ya kuruka, ukachukua ya kumung'unya ili masikio yasizibe. Tiketi ilikuwa kijitabu, kila ukurasa una wino mwekundu wa kaboni nyuma yake, na vidole vilichafuka. Vijitabu hivyo viliendelea duniani kote hadi katikati ya 2008. Tulitembea kwa miguu uwanjani pale Kipawa, Dar, kwenye jengo la zamani, kwa kuwa jengo la pili lilifunguliwa 1984, na wasindikizaji waliweza kukuona hadi unaingia mlangoni. Sisi tulivaa nguo za Idi. Mama hakukubali mtu apande ndege na kandambili.

Moshi wa sigara siutamani hata kidogo. Ulikuwa jambo la kawaida kwenye ndege zote za wakati ule, na mtoto mwenye pumu aliumia. Kwa hilo leo tumepiga hatua kubwa, na nashukuru.

Mizigo nayo ilikuwa na habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 80, sabuni na sukari zilipoadimika, mtu aliyepata chochote Dar alikipeleka kusini, na kurudi alibeba korosho. Ndugu waliofuata mizigo uwanjani walikuwa wengi kuliko abiria.

Siku hizi kusini nakwenda kwa ndege aina ya Q400. Ina viti 76, tulivu zaidi, na inakwenda kasi kuliko Friendship. Nafurahi kwamba bado ni ya panga na bawa lake liko juu, hata magurudumu yanatoka kwenye injini vilevile. Dirisha ndilo limepungua. Lakini kinachonihuzunisha ni kwamba abiria wengi wanalifunga pazia Dar na kulifungua Mtwara. Saa nzima ya pwani yetu inapita bila mtu kuitazama!

Ukisafiri njia hii, omba kiti cha dirisha upande wa kulia unapokwenda kusini, nyuma ya bawa. Hali ya hewa ikiwa safi utapata delta ya Rufiji, kisha Songo Songo ambako gesi imechimbwa tangu 2004, kisha Kilwa Kisiwani, na karibu na kushuka, ghuba ya Lindi. Mafia iko kushoto, hiyo iweke kwa safari ya kurudi: ukikaa kulia tena, itakuwa upande wako. Ndege ya asubuhi ni bora kwa sababu mawingu bado machache. Ukiwa na mtoto, mpe yeye kiti hicho.