Pawabenki ipi ununue: kuanzia ya kwanza hadi ya kuiacha dukani

Ukiingia Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kutafuta pawabenki, cha kwanza utakachooneshwa ni namba kubwa ya mbele: 10,000, 20,000, hata 50,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayokaa kwenye betri). Namba hiyo ni ujazo wa betri za ndani, zenye volti 3.7. Tundu la USB linatoa volti 5, kwa hiyo saketi lazima ipandishe volti, na ikipandisha, mAh zinapungua. Chukua ya 10,000, yaani ampea-saa 10: zidisha kwa 3.7 upate Wh 37 (wati-saa, nishati yote iliyomo), gawanya kwa 5 upate ampea-saa 7.4, yaani 7,400 mAh, kisha toa asilimia 10 hadi 15 inayopotea kama joto. Mkononi unabaki na 6,300 hadi 6,600, na kwenye nyingi ni pungufu kidogo ya hapo.

Watengenezaji makini huichapa namba hii ya pili. Geuza pawabenki, soma maandishi madogo mgongoni, tafuta maneno Rated Capacity. Hiyo ndiyo unayoilipia. Kama haipo kabisa, rudisha mezani. Simu yenye betri ya 5,000 mAh itajazwa na pawabenki ya 10,000 mara moja na nusu hivi: zile 6,300 ni za volti 5 ilhali betri ya simu ni ya volti 3.85 hivi, na simu nayo hupoteza kidogo inapopokea chaji. Muuzaji akikuambia mara mbili kamili, amegawanya namba za kwenye boksi tu.

Ya kwanza: 10,000 mAh, USB-C ya kuingiza na kutoa, wati 18 au zaidi

Hii inawafaa watu wengi: mwanafunzi, mwenye genge anayepokea malipo kwa simu, dereva wa bodaboda anayewasha ramani kutwa. Ina uzito wa gramu 200 hivi, inaingia mfukoni.

Kinachosahaulika sana ni muda wa kuijaza yenyewe. Tazama mgongoni mstari wa Input, yaani umeme unaoingia. Ukikuta 5V/2A, hizo ni wati 10: itachukua saa nne na nusu hadi tano. Ukikuta 9V/2A, ni wati 18: inajaa kwa saa tatu hivi. Panapokuwa na umeme wa kurudi jioni na kuondoka usiku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kesho utatoka na chaji. Zipo nyingi zilizoandikwa 22.5W kwa herufi kubwa mbele, lakini mgongoni Input yake ni wati 10. Kasi hiyo ni ya kutoa tu.

Chaja ya ukutani nayo iwe na nguvu. Ukichomeka kwenye kichaja cha kitochi cha ampea 1, pawabenki ya 10,000 itakaa takribani saa tisa. Wengi hulalamika pawabenki ni mbovu kumbe tatizo ni kichaja.

Kuhusu simu yako: iPhone kuanzia 8 inachaji haraka kwa PD, mfumo wa kuchaji haraka kupitia USB-C. Samsung zinazochaji kwa wati 25 zinataka PPS, aina ya PD inayobadilisha volti kidogo kidogo. Bila hiyo zitapokea chaji, ila polepole zaidi. Oppo na OnePlus zina mfumo wao, na kwenye pawabenki za kawaida hazifiki kasi ya chaja iliyokuja nazo. Zile wati 22.5 mara nyingi ni volti 5 kwa ampea 4.5 kwenye tundu la USB-A, mfumo wa Huawei na Honor. Kama simu yako si ya kampuni hizo, soma mstari wa USB-C uone inatoa wati ngapi.

Ya pili: 20,000 mAh

Hii ni ya nyumbani na safari ndefu. Wh 74, gramu 350 hadi 450, inajaza simu ya 5,000 mara tatu. Usiichukue kama Input yake ni wati 10 peke yake, maana utasubiri saa tisa hadi kumi ijae.

Sababu nzuri kuliko zote ya kununua ya 20,000 ni rauta ya Wi-Fi umeme ukikatika. Rauta nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo unahitaji waya wa kupandisha volti kutoka 5 hadi 12. Soma kwanza kibandiko cha chini ya rauta: zipo za volti 9, na ukiipa 12 unaweza kuiunguza. Rauta inayokula wati 7 itakwenda saa nane hivi. Yanayoharibika hapa ni mambo mawili. La kwanza, rauta ya 12V/1A ikila nguvu yake yote inavuta zaidi ya ampea 2.5 upande wa volti 5. Pawabenki yenye tundu la ampea 2 itazima au rauta itajiwasha upya kila mara. La pili, umeme ukirudi na pawabenki ikaanza kuchajiwa huku ikitoa, baadhi hukata kwa sekunde moja, na rauta inazima. Muombe muuzaji uijaribu palepale: chomeka simu, kisha ichomeke pawabenki ukutani, uone kama simu inaacha kuchaji hata kwa sekunde moja.

Ya tatu: ndogo ya 5,000 mAh

Inafaa kama chaji ya dharura tu. Haitoshi kujaza hata simu moja ya 5,000 kamili.

Ya nne: ya sumaku, isiyo na waya

Inapendeza mgongoni mwa simu, lakini kuchaji bila waya kunapoteza nguvu nyingi na simu inapata joto. Kwa joto la Dar au Mombasa, simu yenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili isiungue. Nunua kama unajua mara nyingi utatumia waya.

Za mwisho: zenye sola, na zile za 50,000 kwa bei ya chee

Kipande cha sola chenye ukubwa wa simu hutoa wati 1 hadi 1.5 kwenye jua kali. Kujaza Wh 37 kwa saa tano za jua nzuri kwa siku kutakuchukua karibu wiki moja au zaidi, na muda wote huo betri ya lithiamu inaokwa juani, jambo linaloipunguzia maisha. Ukitaka sola, nunua paneli ya wati 10 au zaidi peke yake, pawabenki ikae kivulini.

Za 50,000 zipime kwa uzito. Betri nzuri ya duara ya aina ya 18650 ina takribani 3,500 mAh na gramu 45 hivi. Kufika 50,000 zinahitajika kama 15, yaani karibu gramu 680 za betri tupu kabla ya kuhesabu boksi. Shika mkono mmoja pakiti ya sukari ya nusu kilo, mwingine pawabenki. Ikiwa nyepesi kuliko sukari, si 50,000. Uzito nao unaghushiwa kwa kujaza mchanga, kwa hiyo itikise. Isitoe sauti yoyote.

Kwa msafiri wa Dubai au Muscat: pawabenki hukaa kwenye mzigo wa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100. Ya 20,000 inapita. Ya 30,000 ina Wh 111. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria, nawe huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Kama Wh hazisomeki, unaweza kunyang'anywa.

Ukinunua iliyotumika kutoka nje, angalia namba ya modeli. Juni 2025 kampuni ya Anker iliwaambia wateja waache kutumia PowerCore 10000 ya modeli A1263, zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, kwa sababu betri zake zinaweza kushika moto.

Jambo dogo linalowasumbua wenye saa janja na hedifoni zisizo na waya: vifaa hivi huvuta umeme kidogo mno hadi pawabenki inadhani hakuna kitu, inajizima. Baadhi zina hali ya umeme mdogo, unaiwasha kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia sekunde mbili tatu. Ijaribu kabla hujalipa, na risiti iandikwe modeli na muda wa dhamana.

Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikianza kuvimba, mfuniko ukainuka hata milimita mbili, usiichaji tena wala kuitoboa. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na godoro na mapazia, mpaka utakapoipeleka wanakopokea betri chakavu.