Kifuko cha joto cha kubofya: nyota nne, ya tano nimeinyima karatasi ya maelekezo

Nafundisha fizikia Makete, na Julai huku hata chaki haishikiki. Asubuhi nyasi za uwanjani zimefunikwa barafu nyeupe. Ndiyo nikatoa shilingi 12,000, nikanunua vifuko viwili vya joto, vile vyenye maji mangavu na kisahani cha chuma ndani.

Ukibofya kile kisahani, tak! Weupe unaanzia palepale, unatambaa hadi pembeni, na kifuko kinakuwa kigumu na cha moto. Ndani ni sodiamu asetati na maji. Mchanganyiko huo unatakiwa kuganda kwenye nyuzi 58 hivi, lakini ukipoa taratibu unabaki maji hata kwenye baridi ya mezani kwangu, unangoja punje ya kwanza ya fuwele. Ikipatikana, joto lote lililojificha linatoka.

Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana chuoni jambo hilihili lilinikesha. Nilikuwa na modeli ya Ising, ile ya 1925 ya kuelezea sumaku kwa hesabu, juu ya mtandao: nodi nyingi, yaani vituo vilivyounganishwa, kila moja na spini, kama mshale mdogo, inayotazama juu au chini kwa kuwasikiliza majirani. Nazielekeza zote juu, naweka uga hafifu, yaani nguvu ya sumaku kutoka nje, wa kuzivuta chini. Wapi! Nodi za pembeni, zenye jirani mmoja au wawili, zinageuka kirahisi, lakini vile vitovu vyenye majirani tele havitikisiki, na vinazirudisha. Napika chai, nanywa, bado. Halafu kikundi kimoja kinakua kupita kiasi fulani, na mtandao mzima unapinduka, kama kifuko kikipata punje yake.

Sasa malalamiko. Karatasi ya muuzaji ilisema kukirudisha kifuko kuwa maji ni kuchemsha dakika 5. Nikatii. Kilipoanza kupoa kikaganda chenyewe, joto likaishia jikoni. Kumbe kwenye kona ya mshono ilibaki punje moja, ndogo kuliko ya sukari. Siku hizi nachemsha dakika 15, natandika kitambaa ndani ya sufuria plastiki isiungue, kisha nakiinua dirishani nikague kona zote.

Kipindi kimoja kinanitosha vizuri, cha pili ni vuguvugu tu. Na ukipanda bodaboda usikiweke mfuko wa nyuma wa suruali. Changu kilijibofya njiani kutoka Tandala, nikafika na kalio la moto na vidole vya barafu.