Kahama kwa Mwenye Mtaji wa Kati: Fuata Mpunga na Barabara, Dhahabu Iwe Ziada

Wanaoinadi Kahama huanza na dhahabu. Utaambiwa habari za mgodi wa Bulyanhulu, soko la madini na eneo kubwa lililoachwa na mgodi wa Buzwagi. Ukifika na mtaji wa milioni 20 au 50, hayo yote utayatazama kwa mbali. Kinachoulisha mji huu kila siku ni mpunga wa kwenye majaruba, pamoja na barabara inayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Mji tumeupima hapa kwa jicho la mtu wa mtaji huo, anayetaka kufungua mashine, ghala, duka la jumla au karakana.

Kukua imekua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 242,208, na ya 2022 ikahesabu 453,654. Mji ulipanda hadhi kuwa Manispaa mwaka 2021. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000 za lami kupitia Dodoma, Singida na Nzega. Ukifika Tinde unaiacha njia ya Shinyanga na Mwanza, unashika ya Isaka, na kilomita zipatazo 40 mbele ya Isaka umefika Kahama. Ukiendelea magharibi unapita Ushirombo na Nyakanazi, kisha Rusumo kwa wa Rwanda au Kabanga kwa wa Burundi. Anayeelekea Kigoma naye anapinda Nyakanazi. Ni miji michache ya bara yenye njia panda ya namna hii.

Kosa la kwanza la wageni ni kudhani kila kinachoitwa Kahama kiko chini ya Manispaa. Wilaya ina halmashauri tatu: Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Bandari kavu ya Isaka iko Msalala, na Bulyanhulu pia. Ukipanga ghala Isaka kwa leseni ya Manispaa, leseni hiyo haikusaidii kitu.

Tuje kwenye mpunga, maana ndiko hela inakozunguka, na ndiko inakopotea.

Mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mavuno yanashika kasi Mei mpaka Julai, bei inalala chini, halafu inapanda taratibu kuanzia Desemba hadi Machi mzigo unapoadimika. Kwa hiyo biashara iko ya aina mbili: kukoboa na kuuza haraka kwa faida ndogo, au kununua Juni na kulalia mzigo. Kagongwa, upande wa Isaka, ndiko mashine na magari ya mchele yanakojazana, na ndiko wanunuzi kutoka nje ya nchi wanakotafutwa.

Anayenunua mpunga kwa macho anafundishwa adabu na unyevu. Chukua tani moja yenye unyevu wa asilimia 18. Ukiianika mpaka ifike 14, kiwango kinachofaa kukobolea, unabaki na kilo 953. Mashine nzuri inatoa mchele asilimia 60 hadi 65 ya mpunga mkavu. Kwa 63, unapata kilo 600. Aliyepiga hesabu ya 63 juu ya tani aliyoilipia alitarajia 630, na hizo 30 zinazopungua ndizo mara nyingi zilikuwa faida yote. Kipima unyevu cha mkononi kinajilipa ndani ya magari mawili. Hata ukiwa nacho, omba kilo 10 za sampuli zikobolewe mbele yako kabla ya kukata bei. Pima mchele, kisha chekecha chenga na uzipime peke yake.

Chenga zikizidi, wengi wanalaumu mashine, kumbe maturubai ndiyo yenye kosa. Mpunga ukianikwa kwenye jua kali la saa saba bila kugeuzwa, punje inakauka nje kuliko ndani, inapata nyufa zisizoonekana, na ikiingia kwenye roli za mashine ya kukoboa inavunjika. Ukinyeshewa baada ya kukauka ni mbaya zaidi. Tandaza unene wa sentimeta 3 mpaka 5, geuza kila nusu saa, na jua likiwaka kupita kiasi kusanya na ufunike. Sababu ya pili ni kuchanganya mbegu. Supa ina punje ndefu, na SARO 5 ina kipimo chake. Roli za mpira zikibanwa kwa ajili ya moja, nyingine inavunjika au inapita na maganda yake. Roli zilizolika nazo zinafanya hivyohivyo, kwa hiyo kabla ya kumwaga mzigo wako uliza zimebadilishwa lini.

Mashineni kuna desturi ambazo hazijaandikwa popote. Kwa kawaida mwenye mashine anakuhifadhia mpunga bure kwa sharti kwamba utakoboa kwake, na pumba zinabaki kuwa zake. Pumba laini ni chakula cha mifugo na zina soko, kwa hiyo mwenye mzigo mkubwa ana haki ya kuuliza: pumba ni za nani, chenga ni za nani, na gharama ya kupanga madaraja inalipwa kwa kilo za kuingia au za kutoka? Maswali hayo matatu yajibiwe gari likiwa halijashushwa. Ghala la bure nalo lina bei yake. Mpunga wako umelala na wa watu wengine, na wakati mwingine bima haipo. Weka alama kwenye magunia, andikiana idadi na uzito, na usikubali hesabu ya gunia bila mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku, kifungashio hakitakiwi kuzidi kilo 100, lakini shambani bado utakutana nayo. Kwako ukiwa mnunuzi inaonekana tamu, mpaka Wakala wa Vipimo wakukute nayo barabarani.

Ushuru wa mazao hauzidi asilimia 3 ya bei ya shambani, nao unalipwa kwenye halmashauri ulikonunulia. Mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Stakabadhi ya kielektroniki ibaki kwenye gari mpaka mwisho wa safari, kwa sababu geti linalofuata halitaki maelezo. Ni vizuri pia kujua kwamba dengu na choroko hazinunuliwi kwa mtindo huu wa kuzunguka vijijini. Zina mfumo wa stakabadhi ghalani na minada, na dalali anayekuambia vingine anakuuzia kesi.

Kwa mchele wa kuvuka mpaka unahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na cheti cha uasili wa bidhaa. Hicho cha mwisho ndicho chenye pesa ndani yake. Mchele unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki una ushuru wa pamoja wa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi kati ya hivyo viwili, ilhali wa Tanzania ukiwa na uasili uliothibitishwa unaingia bila ushuru huo. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 una cheti chepesi kinachotolewa mpakani. Magari yanakwama zaidi kwa jina la mwenye mzigo kutofautiana kati ya karatasi na karatasi kuliko kwa karatasi kukosekana. Na uzito: gari lenye ekseli saba kwa jumla, trela ikiwamo, mwisho tani 56 pamoja na gari lenyewe. Mizani haisomi jumla peke yake. Inasoma kila kundi la ekseli, kwa hiyo magunia yaliyorundikwa nyuma yanakupa faini hata kama jumla iko salama.

Umeme ndio sehemu ambayo mji unapata alama za chini, na kinachotuumiza kuliko kukatika ni hesabu yake. Kwa bei za EWURA, mdhibiti wa nishati, za mwaka 2016, mteja wa T1 (daraja la matumizi ya kawaida) analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Akipita uniti 7,500 kwa mwezi anaingia T2: uniti inashuka hadi 195, lakini anaongezewa 14,233 za huduma na 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji yake ya juu, yaani kiasi kikubwa kabisa cha umeme alichovuta kwa wakati mmoja. Watu wanaona 195 wanashangilia. Fanya hesabu: nafuu ni shilingi 97 kwa uniti. Mashine inayogusa kVA 100 inalipa 1,500,400 kwa ajili ya kVA tu, hivyo haianzi kuona nafuu mpaka ipite uniti 15,600 hivi kwa mwezi. Juni na Julai unazipita. Februari, mashine ikifanya kazi siku mbili kwa wiki, huzipiti, na kVA ni zilezile ukiwasha mashine zote hata siku moja tu.

Dawa ipo. Usiendeshe kinu, mashine ya madaraja na ya kuchambua kwa rangi kwa wakati mmoja kama mzigo ni mdogo. Funga kapasita za kurekebisha pawafakta (uwiano wa kilowati na kVA), kwa sababu unatozwa kVA na wala si kilowati. Kabla ya kununua au kupanga kiwanda kilichokwisha kufanya kazi, dai ankara za miezi 12. Mwenye nacho akikupa tatu za msimu, jua amekuchagulia.

Maji yana nafuu. Yanatoka Ziwa Victoria kupitia chanzo cha Ihelele na mradi wa KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa 2009. Kwa mji uliokuwa ukitegemea visima na mabwawa, hii ni tofauti kubwa. Bado weka tangi, hasa kama unafikiria kiwanda cha vinywaji au nyumba ya wageni.

Fremu za katikati ya mji zinapangishwa kwa miezi 6 au 12 ya mbele, na zenye barabara zinaombewa kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu. Kilemba mara nyingi anapewa mpangaji anayetoka, hakimo kwenye mkataba, na mwenye nyumba anaweza kusema hakijui. Kama lazima ulipe, mwenye nyumba asaini kwanza mkataba mpya nawe. Mkataba una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Halafu kuna ile asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo mpangaji anatakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mwenye nyumba atakuambia “hayo ni yako na TRA, mimi nataka changu kamili”. Ukikubali, umejiongezea pango. Iandikwe kwenye mkataba mapema.

Mtiririko wa karatasi ni huu: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), shilingi 20,000 kwa mtandao. TIN haina malipo. Makadirio na cheti cha TRA, mkataba wa pango, kisha leseni kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Kahama ina ofisi yake ya mkoa wa kikodi, hivyo hulazimiki kwenda Shinyanga. Aliye na TIN ya Dar aongeze tawi la Kahama kabla ya kugusa TAUSI, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi yanarudi. Mashine ya EFD, ya kutolea risiti za kielektroniki, inahitajika mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka, na usajili wa VAT ni kuanzia milioni 200 tangu Julai 2023. Manispaa nayo ina ushuru wa huduma unaokokotolewa kwenye mauzo. Mauzo, si faida. Mwenye duka la jumla la faida ya asilimia 2 ajue kwamba hata asilimia 0.3 ya mauzo ni karibu moja ya saba ya faida yake.

Kwa kiwanda, angalia maeneo yaliyopimwa ya Zongomera, Bukondamoyo na Chapulwa kabla ya kukubali kiwanja cha dalali chenye karatasi ya serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mliuziana. Haithibitishi kwamba eneo ni la viwanda, na benki hailipokei kama dhamana.

Na dhahabu? Buzwagi ilianza uzalishaji 2009 na ikafungwa 2021. Zaidi ya hekta 1,300 zikageuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Miundombinu iliyobaki ni ya maana, na kwa mwenye kiwanda cha kuuza nje panastahili ziara. Kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga nacho kilipangwa kujengwa hapo. Neno ni “kilipangwa”. Anayejenga gesti ya vyumba 40 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda ambacho hakijasimama anacheza bahati nasibu yenye matofali. Kuuzia mgodi bidhaa na huduma kunalipa, lakini andaa hati zote, usajili wa OSHA (usalama na afya kazini) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ukiwamo, na uwe na pumzi ya kusubiri malipo siku 30 hadi 60. Fundi wa karakana ya hydroliki au muuza vipuri vya malori ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu wateja wake wanapita barabarani usiku na mchana, na wanalipa papo hapo.

Reli ya kisasa ya Tabora–Isaka na Mwanza–Isaka itabadilisha hesabu za mizigo. Mwenye malori aifikirie leo. Mwenye ghala asiharakishe kununua ardhi Isaka kwa bei ya treni ambayo haijafika.

Ukitaka kuukagua mji kabla ya kuweka hela, usije Juni. Juni kila mtu ana fedha, kila mashine inaunguruma na kila fremu inaonekana ya dhahabu. Njoo Februari, kaa siku nne. Hesabu mashine ngapi za Kagongwa zimefunga milango saa nne asubuhi, muulize muuza duka anauza nini mwezi huo, tembelea kiwanja chako mvua ikiwa imenyesha usiku. Udongo wa mbuga ukishika gurudumu la Fuso mita 200 kutoka lami, gharama ya kifusi iingie kwenye bei ya kiwanja siku hiyohiyo.