Unapandisha mfumo endeshi? Programu za taswira ya diski, kuanzia ile ningeilipia kwanza

Tangu Microsoft ilipomaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: ninunue programu gani ya taswira ya diski, ili nikihamia Windows 11 programu zangu zote zibaki?

Kabla hujatoa pesa, elewa unachonunua. Taswira haihamishi programu kwenda kwenye mfumo mpya. Ni nakala ya diski nzima kama ilivyokuwa siku ile: mfumo endeshi, programu, mipangilio na faili, vyote kwa pamoja. Ukiirejesha, unarudi ulikotoka. Kinachobakiza programu ni kupandisha toleo juu ya lile lililopo, ukichagua kubaki na faili na programu zako. Taswira ni njia ya kurudi mambo yakiharibika.

Na njia hiyo inahitajika kweli. Windows yenyewe hukupa siku 10 tu za kurudi nyuma kwa folda ya Windows.old, inayohifadhi mfumo wa zamani, na ukisafisha diski mapema hata hizo huzipati. Niliwahi kupandisha toleo nikitegemea folda hiyo. Wiki tatu baadaye, mwisho wa mwezi, programu ya hesabu ilikataa kufunguka, na walioiunda walikuwa wameshafunga kazi. Kumbukumbu za miaka minne zilikuwa ndani yake. Tangu siku ile siupandishi mfumo wowote bila taswira, na programu nazipima kwa jambo moja kuliko mengine: je, nitaweza kuifungua taswira hiyo na kuitumia miezi kadhaa baada ya kuhama?

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni Macrium Reflect. Toleo lake la bure lilikomeshwa tarehe 1 Januari 2024, kwa hiyo utalipia, ingawa kuna kipindi cha majaribio. Inatengeneza taswira huku Windows ikiendelea kufanya kazi, na taswira hiyo hufunguka kama diski ya kawaida: unaingia, unachukua faili moja unayoitaka, unatoka. Lakini kilichonifanya niiweke juu ni viBoot, kipengele kinachoiwasha taswira ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya ile halisi, kwa programu ya Hyper-V au VirtualBox. Mfikirie mwenye Windows 10 ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo hawezi kupandisha juu ya lililopo. Atasakinisha upya, na programu zake hazitafuata. Akiwa na taswira inayoweza kuwashwa, anaufungua mfumo wake wa zamani ndani ya ule mpya na kuitumia programu iliyogoma. Mimi ningekuwa na kitu hicho, zile kumbukumbu zisingepotea.

Ya pili ni Veeam Agent for Microsoft Windows, toleo la bure. Inanakili kompyuta nzima, inatengeneza flashi ya kuokolea (ya kuwashia kompyuta Windows ikigoma), na inakuruhusu kutoa faili mojamoja. Kwa mtu anayepandisha toleo mara moja na basi, inatosha kabisa.

Clonezilla naiweka ya tatu, na si kwa udhaifu. Ni ya bure, ya chanzo huria, na hunakili sehemu za diski zenye data tu. Ila menyu zake ni za maandishi matupu, na ukikosea kuchagua diski wakati wa kurejesha, unafuta uliyotaka kuiokoa. Diski ya kurejeshea isiwe ndogo kuliko ya awali. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa msimbo, nayo huisumbua: haioni palipo patupu, hivyo hunakili kila kitu na taswira inakuwa kubwa mno. Ukitaka uwezo huohuo kwa dirisha na kipanya, chukua Rescuezilla, ambayo husoma taswira za Clonezilla.

Acronis True Image inafanya kazi vizuri, lakini unalipia pia kinga ya virusi ambayo huenda huihitaji. Ya mwisho ni zana iliyomo ndani ya Windows, iitwayo Backup and Restore (Windows 7). Microsoft ilitangaza mwaka 2017 kwamba haiiendelezi tena. Itumie ukikosa nyingine kabisa.

Bado utahitaji diski ya nje. Nunua yenye nafasi inayozidi data uliyonayo, na iandae (format) kwa mfumo wa faili wa NTFS. Ule wa FAT32 haupokei faili inayozidi GB 4. Kumbuka kwamba taswira iliyotengenezwa ndani ya Windows, BitLocker ikiwa imefunguliwa, haibaki na ulinzi huo, kwa hiyo iwekee nenosiri au ifungie kabatini.

Siku ya kazi, andika ufunguo wa kurejesha wa BitLocker kwenye karatasi. Iagize programu iithibitishe taswira. Kisha washa kompyuta kwa flashi ya kuokolea na uhakikishe inaiona diski ya ndani na ile ya nje. Ikishindwa kuiona hata moja, ahirisha. Ikiziona zote mbili, chomoa diski ya nje, iweke mbali, ndipo uanze kupandisha.