Mwongozo kwanza au kitabu kwanza?

Ukijiandaa kwa mtihani wa fasihi, mwongozo, yaani kijitabu cha uchambuzi wa kitabu kinachotahiniwa, unakupa dhamira, wahusika na tamathali za usemi vikiwa vimepangwa tayari. Zikibaki siku mbili kabla ya mtihani utakuokoa, sikatai. Ila ukiletewa dondoo kutoka kitabuni na kuulizwa nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini, utakodoa macho tu.

Kitabu chenyewe kinachosha. Usomaji wa kwanza unafuata kisa. Wa pili, penseli mkononi, ndipo unapogundua, kwa mfano, kwamba mama kwenye kisa hajamwita mwanawe kwa jina tangu ule ukurasa wa ugomvi. Hilo ni lako, na una sentensi za kulithibitisha. Mimi huanza na kitabu. Mwongozo naufungua mwishoni, hasa ili nibishane nao.