Mwamba au udongo wa ziwa: wapi ni salama zaidi tetemeko likija?
Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka Jiji la Mexico, liliua maelfu ya watu, na maangamizi makubwa jijini yalikuwa juu ya tope la ziwa la kale la Texcoco, ilhali mitaa iliyo juu ya mwamba ilipata madhara machache.

Kwa mtikisiko, basi, mwamba ulishinda. Udongo laini uliojaa maji hunasa mawimbi na kuyakuza. Pale uliyumba kwa mapigo ya takriban sekunde 2 kila moja, yaliyooana na myumbo wa maghorofa ya kimo cha kati, ndiyo maana hayo yaliumia kuliko nyumba fupi, jambo ambalo kila mjenzi anapaswa kulikumbuka.

Kwa gharama, udongo huchimbika kwa urahisi, lakini ghorofa hudai nguzo za kina kirefu. Kwa matunzo, udongo huo hudidimia.

Anayejenga nyumba fupi iliyofungwa kwa nondo anaweza kuchagua udongo laini wa bondeni, mradi si penye mchanga uliolowa. Anayekusudia ghorofa 10 apimishe udongo kwanza. Aliye karibu na chimbuko la tetemeko ajue kuwa mwamba nao hutikisika kwa mapigo ya haraka, yanayobomoa nyumba fupi za matofali.