Kuagiza cheti cha kuzaliwa GRO Uingereza, kwa sie tunaotafuta watoto wa mabaharia wetu

Kama kwenye ukoo wenu kuna babu aliyepanda meli za Mwingereza akaishia Cardiff au Liverpool akaoa na kuzaa hukohuko, basi pa kuanzia ni GRO, ile ofisi ya serikali inayotunza rekodi za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales tangu tarehe 1 Julai 1837. Mie nimeitumia kumtafuta binti wa babu yake baba, yule wa Wales ambaye kwetu Ng'ambo ya Unguja kila mtu anamjua kwa kusimuliwa tu, hakuna aliyewahi kuona hata karatasi moja yenye jina lake. Nimempata. Na naandika hapa kwa sababu watu wetu wengi wanatoa hela nyingi kwa kitu cha pauni tatu.

Bei kwanza. Cheti chenyewe cha karatasi ni pauni 12.50 na wanakiposti hata kama uko Unguja au Muscat, PDF ni pauni 8 unasubiri siku kadhaa za kazi, halafu kuna picha ya kidijitali pauni 3 ambayo ukishalipa tu inafunguka hapohapo. Kama unachotaka ni kujua ukoo, chukua picha, basi, yaliyoandikwa ni yaleyale. Karatasi ni ya mtu anayefuatilia paspoti au mirathi maana PDF na picha hazina nguvu ya kisheria. Picha zipo za vizazi vya zamani, kama miaka mia iliyopita kurudi nyuma, kwa hiyo watoto wa mabaharia wa miaka ya mwanzo ya 1920 wanaingia vizuri kabisa. Na jihadharini na saiti za madalali, ukitafuta Google zinatangulia juu kabisa na zimepambwa utadhani za serikali, binamu yangu alitozwa karibu mara tatu ya bei na walichomfanyia ni kwenda kumuagizia GRO kitu ambacho angeagiza mwenyewe na simu yake.

Kwenye kutafuta ndio kuna kazi. Kufungua akaunti na kutafuta kwenye indeksi yao, yaani orodha ya majina, ni bure, lakini lazima uandike jina la ukoo la mtoto, useme ni wa kike au wa kiume, na mwaka unaruhusiwa kupanua miwili mbele miwili nyuma tu. Sasa kwa majina yetu hiyo ni shida kubwa, karani wa Cardiff mwaka 1923 akisikia Juma ataandika nini? Na mzee mwenyewe yuko baharini, anayekwenda kusajili ni mkewe. Kwa hiyo ushauri wangu ni msianzie GRO, anzieni FreeBMD, ile indeksi ya bure iliyonakiliwa na watu wa kujitolea, pale unaweza kuacha jina la mtoto wazi kabisa ukaandika jina la ukoo la mama peke yake, ukachagua wilaya ya Cardiff na miaka unayoitaka. Hii inafanya kazi kwa vizazi vya kuanzia robo ya Septemba 1911 (indeksi zimegawanywa kwa robo za mwaka, hii ni ya Julai mpaka Septemba) maana ndio indeksi za zamani zilipoanza kuweka jina la ukoo la mama. Sie jina la yule mama tulikuwa nalo, limeandikwa nyuma ya picha aliyokuwa nayo marehemu bibi, na bahati nzuri si lile jina ambalo nusu ya Wales wanalo. Ikaja orodha fupi, na katikati ya majina ya Kizungu matupu kukawa na mtoto mmoja mwenye jina la ukoo Joomer. Isome kwa sauti. Ndio Juma wetu huyo!

Ukishapata unachukua mwaka, robo, wilaya, juzuu na ukurasa (Cardiff ya miaka ile ni juzuu 11a), unarudi GRO, unaandika Joomer, wanakuletea rekodi na kitufe cha kuagiza kiko pembeni yake.

Ilipofunguka nilikaa nayo muda mrefu sana. Ni mstari mmoja tu lakini umejaa, tarehe na mahali alipozaliwa, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na la kwao kabla ya kuolewa, kazi ya baba, nani aliyekwenda kusajili na anaishi wapi. Kazi ya baba wameandika mtia makaa wa melini. Nyumbani tuliambiwa alikuwa nahodha, lakini mie huyu wa makaa nampenda zaidi, mtu aliyesimama mbele ya boila safari nzima ili mwanawe ale. Anwani ni nyumba ya jirani na Bute Street, kulekule Tiger Bay, mtaa wa bandarini Cardiff, walikokuwa wakiishi Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi na wa kwetu. Na jina la mtoto la kwanza la Kizungu, la pili Mwanaisha, limekosewa herufi mbili tatu lakini linasomeka. Mama wa Wales alimkubalia mumewe jina la kwao. Shangazi yangu nilipomsomea kwenye simu alilia, naye anaitwa Mwanaisha.

Vitu vya kuangalia kabla hujalipa. Robo ni ya kusajiliwa sio ya kuzaliwa, walikuwa wanapewa siku 42, kwa hiyo mtoto wa Desemba anaweza kuwa kwenye robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Ukiona saa ya kuzaliwa imeandikwa pamoja na tarehe, mara nyingi ni pacha, rudi ukamtafute mwenzie. Na kwenye indeksi ya GRO penye jina la ukoo la mama pakiwa na kistari tu, kwa kawaida wazazi hawakuwa na ndoa inayotambulika na mtoto kaandikwa jina la mama. Tangu 1875 baba wa namna hiyo alikuwa haandikwi mpaka aende mwenyewe pamoja na mama kusajili, na baharia atatoka wapi wakati yuko katikati ya bahari? Kwa hiyo nafasi ya baba ikiwa tupu msiseme babu alimkataa mtoto, tafadhali, angalieni kwanza meli yake ilikuwa wapi.

Kasoro yao moja nimeitaja, hilo sharti la jina la ukoo linatuumiza sisi kuliko Wazungu. Ya pili, GRO wanayo nakala iliyotumwa na wasajili wa wilaya, sio daftari lenyewe, kwa hiyo sahihi unayoiona ni mwandiko wa aliyenakili. Ukitaka mkono wa mama mwenyewe, au ile alama ya X kama hakujua kuandika, inabidi uombe ofisi ya usajili ya wilaya husika, na kule namba za GRO hazisaidii, wapeni majina na tarehe. Zaidi ya hayo sina malalamiko, malipo ya kadi yalipita bila usumbufu na picha ilikuwa safi ukiikuza inasomeka.

Kama wenu alizaliwa Glasgow hayumo humu kabisa, Scotland wana yao inaitwa ScotlandsPeople, rekodi za serikali zinaanza 1855. Na kama ni Jamhuri ya Ireland msilipe hata senti, vizazi vilivyopita miaka 100 viko wazi bure kwenye saiti ya serikali yao ya irishgenealogy.ie, picha ya ukurasa mzima wa daftari.